Askari anayehubiri ku simu: jeshi linaweza kumkataza?



Kuna swali moja linalorudi kati yetu hizi siku, na wengine wameniomba nilijibu kwa maandishi kwa sababu nilisoma sheria. Swali ni hili. Kijana ni askari wa FARDC. Ameokoka. Jioni, kazi ikiisha, anawasha simu yake na kuhubiri. Mwanzo wanamsikiliza watu kumi na tano, kisha mia, kisha elfu. Siku moja wakubwa wake wanamuita, wanamwambia aache. Familia inakasirika: "Banamufanyia bwivu juu anahubiri Neno." Jirani anajibu: "Soda njo soda. Kama anataka kuwa pasta, arudishe bunduki kwanza." Nani ana haki?

Msidhani ni mabishano ya chini ya mti tu. Hapa Lubumbashi familia nyingi ziko na mtoto, mkwe ama binamu ku Kambi Vangu, ku Kimbembe, ama mbali zaidi, ku vita ya mashariki. Dakika kumi mbele ya simu zinaweza kumpeleka kijana ku kasho na kuhatarisha mshahara ambao watu nane wanaungoja. Lakini pia, mkubwa anayekataza bila sheria anaweza kumnyang'anya mtu kitu ambacho Katiba ilimpa. Pande zote mbili zinaweza kumuumiza mtu wa kweli. Ndiyo maana tusijibu kwa hasira.

Jibu langu fupi ni hili: jeshi haliwezi kumkataza askari kuamini, wala kuomba, wala kushuhudia imani yake. Lakini linaweza kumkataza kuhubiri akiwa amevaa jeshi, yaani nguo yake, cheo chake, kambi yake na habari zake. Sasa nieleze polepole.

KATIBA INASEMA NINI

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inaanza kwa kusema, ku kifungu cha 1, kwamba nchi yetu haina dini ya serikali. Kifungu cha 22 kinampa kila mtu uhuru wa mawazo, wa dhamiri na wa dini. Si uhuru wa moyoni tu. Kinasema mtu anaweza kuonyesha dini yake peke yake ama pamoja na wengine, mbele ya watu ama faraghani, kwa ibada na kwa mafundisho. Kuhubiri kumo ndani. Kifungu cha 23 kinaongeza uhuru wa kusema. Hakuna mahali vifungu hivyo vinaposema "isipokuwa askari".

Tena kuna kifungu ambacho wengi hawakijui, cha 61. Kinataja haki ambazo haziguswi hata wakati wa hali ya hatari ama hali ya dharura. Uhuru wa dhamiri na dini umo ndani ya orodha hiyo, pamoja na haki ya kujitetea. Ituri na Kivu ya Kaskazini ziko chini ya hali hiyo tangu tarehe 6 Mei 2021, utawala wa raia ukapewa wanajeshi. Hata huko, sheria inasema imani ya mtu haipigwi kufuli.

Hapo wale wa upande wa familia watapiga makofi. Wangoje kidogo. Kifungu kile kile cha 22 kinamaliza kwa kuweka mipaka: sheria, usalama wa watu wote, maadili mema, na haki za wengine. Na kifungu cha 188 kinasema jeshi ni la jamhuri, linatumikia taifa lote, halina siasa, na mtu anayeligeuza kwa faida yake mwenyewe anahesabiwa kuwa msaliti mkubwa wa nchi. Jeshi la taifa lote maana yake ni jeshi la Mkatoliki, la Mprotestanti, la Mkimbangu, la Mwislamu, la mtu wa kanisa la uamsho, na la yule asiyeenda popote siku ya Mungu.

Kisha mtu akiingia jeshi anakubali kupungukiwa. Tunajua wote kwamba ku uchaguzi wa nchi hii askari na polisi hawapigi kura. Daktari anapiga, mwalimu anapiga, muuza makala anapiga, askari hapigi. Hakuna anayesema askari si raia. Tunasema amebeba bunduki ya watu wote, na kwa ajili hiyo mambo mengine anayaweka pembeni. Uhuru wa kuhubiri haukuondolewa namna hiyo, lakini nao umewekewa mipaka ambayo mimi raia sina.

KWA NINI WAKUBWA WANAOGOPA

Watu wengine wanafikiri jeshi linaogopa Mungu kuchukua nafasi ya jenerali. Haina vile hasa. Jeshi lolote linasimama juu ya kitu kimoja: amri inatoka juu, inashuka, kila mtu anajua anayemwamuru. Mtu akisimama katikati akasema, "Mimi nimepata amri kutoka juu zaidi," kuna wakubwa wawili ndani ya kikosi kimoja. Siku ya amani haionekani. Siku ya risasi inaonekana.

Afrika Mashariki imeona jambo hili mpaka mwisho wake. Uganda, mwaka 1986, baada ya jeshi la zamani la UNLA kushindwa na watu wa Museveni, askari wake wengi walirudi kaskazini wakiwa wamevunjika moyo. Alice Auma, aliyejulikana kama Lakwena, akawakusanya chini ya jina la Roho Mtakatifu. Waliojua vita vizuri wakakubali kupakwa mafuta, wakakatazwa kujificha wakati wa risasi, wakaambiwa mawe yatageuka mabomu. Walitembea mpaka karibu na Jinja mwaka 1987, wakapigwa wakaisha. Hawakuwa wajinga. Walikuwa askari waliofundishwa, lakini sauti ya nabii ilikuwa imechukua nafasi ya akili ya kazi yao.

Na siye wenyewe hapa Lubumbashi hatuwezi kusahau tarehe 30 Desemba 2013. Asubuhi ile, Kinshasa, watu wenye silaha waliingia ku televisheni ya taifa, ku uwanja wa ndege wa Ndjili na ku Kambi Tshatshi. Huku kwetu risasi zililia kuzunguka makao ya Joseph Mukungubila, mtu aliyejiita nabii na aliyekuwa amegombea urais mwaka 2006. Serikali ilisema ni shambulio la wafuasi wake. Yeye alisema watu wake walijibu tu baada ya makao yake ya Lubumbashi kushambuliwa. Serikali yenyewe ilihesabu wafu zaidi ya 100. Hakuwa askari, lakini tangu siku ile, neno "nabii" na neno "kambi" yakikaa ndani ya sentensi moja, mkubwa wa jeshi analala vibaya. Tunaweza kumwelewa.

LAKINI WOGA SI USHAHIDI

Nisingekuwa mwaminifu kama ningeishia hapo, kwa sababu mji wetu unabeba pia hadithi ya upande mwingine, na ni nzito kuliko ile ya kwanza.

Mwaka 1921, Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa ku Nkamba, Kongo ya Chini. Hakuwa na bunduki. Wabelgiji waliona umati, wakaona watu wanaacha kazi kwenda kumsikiliza, wakaogopa. Walimpeleka mbele ya mahakama ya kijeshi ku Thysville, mji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu. Tarehe 3 Oktoba 1921 mahakama hiyo ilimhukumu kifo na viboko 120. Mfalme Albert alibadili kifo kuwa kifungo cha maisha, wakamleta huku kwetu, Elisabethville. Alikaa gerezani miaka 30, akafia humu mjini tarehe 12 Oktoba 1951. Kanisa lake lilitambuliwa na serikali ya kikoloni mwisho wa mwaka 1959, miezi michache kabla ya uhuru. Leo tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko ya taifa kwa heshima ya mapambano yake.

Kwa hiyo jeshi na mahakama yake vilishamhukumu mhubiri, na miaka ikapita, na nchi nzima ikasema ilikuwa dhuluma. Ndiyo maana mkubwa anaposema "huyu anahatarisha usalama," siye tuliosoma lazima tuulize: amefanya nini? Amesema nini, siku gani, mbele ya nani? "Anapendwa na watu wengi" si kosa. "Anaomba sana" si kosa. Hofu ya mkubwa inaweza kuanzisha uchunguzi, lakini haiwezi kuwa hukumu.

KESI YA UGIRIKI INAYOTUSAIDIA

Kuna kesi moja ambayo, kwa maoni yangu, inafafanua jambo hili kuliko nyingine. Haina nguvu ya sheria Kongo, ni ya Ulaya, lakini hoja yake inaeleweka hata ku Katuba.

Ndani ya jeshi la anga la Ugiriki kulikuwa na maofisa watatu wa kanisa la Kipentekoste: Larissis, Mandalarides na Sarandis. Walihubiri kwa askari wadogo waliokuwa chini yao. Walihubiri pia kwa raia nje ya kambi. Sheria ya Ugiriki ilikataza kuwavuta watu waingie dini nyingine, wakahukumiwa na mahakama ya jeshi. Wakapeleka malalamiko ku Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ku Strasbourg. Hukumu ilitoka tarehe 24 Februari 1998, nayo ilikuwa na sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza: juu ya askari wadogo, mahakama ilisema Ugiriki ilikuwa na haki ya kuwaadhibu. Sababu? Ndani ya jeshi, cheo kinapaka rangi kila mazungumzo. Raia akiombwa na jirani yake aende kanisani, anaweza kusema hapana na maisha yanaendelea. Askari akiombwa na ofisa wake, anafikiria zamu ya usiku, ruhusa ya kwenda kwao, kupandishwa cheo. Kitu ambacho kati ya raia ni mazungumzo, kati ya mkubwa na mdogo wa jeshi kinaweza kuwa shinikizo, hata kama mkubwa ana nia nzuri na sauti tamu.

Sehemu ya pili: juu ya raia, mahakama ilisema Ugiriki ilivunja haki za maofisa. Raia hawakuwa chini ya amri yao, hawakulazimishwa, walisikiliza kwa mapenzi yao. Kumwadhibu ofisa kwa kumhubiria raia ilikuwa kupita kiasi.

Mbele ya hapo, tarehe 1 Julai 1997, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeamua kesi ya hakimu wa jeshi la Uturuki, Faruk Kalaç, aliyestaafishwa kwa nguvu. Ilisema mtu anayechagua kazi ya jeshi anakubali mwenyewe nidhamu yenye mipaka ambayo raia hawana. Ukiunganisha kesi hizo mbili unapata kanuni nzuri: jeshi haliamui mtu anaamini nini, lakini linaweza kuamua cheo chake kisitumike kuwasukuma wengine.

SHIDA YA SIMU

Sasa tuje ku simu, kwa sababu hapo njo fundo lote.

Mwaka 1998 ukuta ulikuwa wazi. Ndani ya kambi kulikuwa askari, nje kulikuwa raia. Ofisa alijua anaongea na nani. Simu imebomoa ukuta huo. Sajenti akiwasha kamera jioni, anayemsikiliza ni mama muuza samaki ku soko la Kenya, ni mwanafunzi wa Kasapa, ni Mkongomani wa Brussels, na ni askari sita wa kikosi chake walio kitandani ku kambi. Mahubiri ni yale yale. Kwa mama muuza samaki ni mwaliko. Kwa wale sita, je? Kesho asubuhi sajenti atawapanga ku zamu. Kama mmoja hakuonyesha amependa, ama hakutuma sadaka, sajenti ataona majina. Simu inaonyesha nani alikuwepo na nani hakuwepo.

Kwa hiyo kusema "anahubiri kwa raia tu" hakutoshi, na kusema "anahubiri kwa askari" hakutoshi pia. Lazima tuangalie vitu kwa majina yao. Mimi naviona vitano.

Cha kwanza ni nguo. Nguo ya jeshi si mali ya yule anayeivaa, ni ya taifa. Mtu akihubiri na nguo ile, watazamaji hawaoni ndugu fulani, wanaona jeshi linahubiri. Akisema dini fulani ni ya shetani, ni kama FARDC imesema. Ndani ya kikosi chake mna Waislamu na Wakatoliki watakaosimama naye ku mstari wa mbele. Watamwamini namna gani?

Cha pili ni mahali. Video ya dakika tano inaonyesha lango, gari, idadi ya watu, saa ya kupumzika. Tarehe 1 Januari 2023, ku Makiivka, askari wa Urusi walipigwa na makombora ya Ukraine ndani ya jengo walimolala. Urusi yenyewe ilikubali wafu 89, na ikasema sababu kubwa ni simu zilizotumika kinyume cha katazo. Urusi ilikuwa na sheria tangu 2019 ya kuwakataza askari wake simu za namna hiyo. Adui hatafuti mahubiri, anatafuta ukuta ulio nyuma ya mhubiri.

Cha tatu ni unabii juu ya vita. Goma ilianguka mwisho wa Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari. Siku zile simu zetu zilijaa ndoto na maono. Raia akisema "nimeoneshwa mji utaanguka", ni raia. Askari akisema vile vile, askari wenzake wanaanza kufunga mizigo. Tena akisema "nimeoneshwa risasi hazitatugusa", amewarudisha kwa Lakwena. Maneno yote mawili yanaua, hata kama anayesema anaamini kabisa.

Cha nne ni sadaka. Namba ya M-Pesa, ya Airtel Money ama ya Orange Money ikionekana chini ya picha ya mtu mwenye nguo ya jeshi, mtoaji hajui kama anampa Mungu, anampa askari, ama anajikinga. Siye watu wa Kongo tunajua vizuri maana ya mtu mwenye silaha kuomba kitu, hata akiomba kwa upole.

Cha tano ni malalamiko yaliyovaa Biblia. Askari anaanza na Farao, anaendelea na posho iliyochelewa, anamaliza kwa kutaja koloneli wake. Malalamiko yanaweza kuwa ya haki. Lakini jeshi lina njia ya kupeleka malalamiko, na mtu akipitia mimbari, sheria haitaangalia mstari wa Biblia, itaangalia kama amewachochea wenzake waache kutii.

SHERIA YA JESHI INAFANYA KAZI NAMNA GANI

Sheria kubwa ni hizi. Ya kwanza na ya pili ni za tarehe 18 Novemba 2002: sheria namba 023/2002 inapanga mahakama za jeshi, namba 024/2002 inaorodhesha makosa na adhabu. Kisha kuna sheria namba 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013 juu ya hali ya askari wa FARDC, yaani haki zake na wajibu wake. Na kwa kila mtu anayetangaza kitu mtandaoni, askari ama raia, kuna Kodi ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023.

Tofautisha vitu viwili. Kosa la nidhamu linaadhibiwa na mkubwa wa kikosi: onyo, kazi ya ziada, siku za kufungiwa. Kosa la jinai linaenda mbele ya mahakama ya jeshi. Kuhubiri si kosa la jinai mahali popote ndani ya sheria hizo. Kinachoweza kuwa jinai ni kuvunja amri halali uliyopewa, kuwachochea askari wafanye kinyume na wajibu wao, ama kutoa siri.

Ndiyo maana neno "amri halali" lina uzito. Mkubwa akisema, "Usipige video ndani ya kambi," ni amri halali, na ukiivunja umevunja amri hata kama ulikuwa unasoma Zaburi. Mkubwa akisema, "Usiseme Yesu tena, hata nyumbani kwako, hata bila nguo ya jeshi," hapo ametoka nje ya uwanja wake. Kifungu cha 28 cha Katiba kinasema mtu halazimiki kutekeleza amri iliyo wazi kuwa haramu. Lakini namwonya kijana: asijitangazie mwenyewe ku simu kwamba amri ni haramu. Aombe amri iandikwe, atafute mwanasheria, aende kwa mkubwa wa juu. Akiitwa mbele ya mahakama, ana haki ya kujitetea kama mtu mwingine yeyote.

Na kuna mlango mwingine ambao jeshi lenyewe limefungua. FARDC ina mapadri, wachungaji na maimamu wake: Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu, Waislamu. Askari mwenye wito wa kweli anaweza kuwaendea na kutumika chini yao, ku ibada ya kambi, ku mazishi, ku hospitali ya jeshi. Si njia ya kupata wafuasi elfu kumi. Lakini wito na wafuasi ni vitu viwili.

WAKUBWA NAO WAANGALIWE

Hapa niseme jambo ambalo wengi wanalisema kwa sauti ya chini tu. Katazo lina maana kama ni la wote. Kama sajenti anaitwa kwa sababu amehubiri juu ya haki, na mwenzake anayetabiri kila jumapili kwamba mkubwa fulani amechaguliwa na Mungu haitwi, basi hilo si nidhamu, ni upendeleo. Jeshi lisilo na siasa halipaswi kupenda unabii unaolisifu na kuchukia unabii unaolikosoa. Yote mawili yanatumia nguo ile ile.

Tena kama hoja ya Ugiriki ni ya kweli, anayepaswa kuchungwa zaidi si askari mdogo mwenye simu ya kioo kilichopasuka. Ni ofisa. Ofisa anayepanga kikosi kizima kwenda ku kanisa la pasta wake, ama anayempa zamu nzuri yule anayeomba naye, anabonyeza dhamiri za watu mia bila kuwasha kamera hata moja. Askari Mwislamu ama Mkatoliki aliye chini yake hana pa kulalamika. Tukitaka sheria ianze mahali, ianzie hapo.

NINAVYOSHAURI

Kwa kijana askari: vua nguo ya jeshi kabla ya kuwasha simu. Toka nje ya kambi. Usitaje cheo, kikosi wala safari. Usitabiri vita. Usiweke namba ya sadaka. Usiwaongeze askari walio chini yako ndani ya kundi lako, na wakija wenyewe, waambie wazi kwamba kazi na ibada havichanganyiki. Na kabla ya yote, mjulishe mkubwa wako kwa barua, uweke nakala. Mtu aliyejulisha mapema anatetewa kwa urahisi kuliko mtu aliyegunduliwa.

Kwa familia: msimwambie "Mungu atakupigania" halafu mumwache peke yake mbele ya mahakama. Mkiona video yenye hatari, mpigieni simu usiku ule ule aiondoe. Msiisambaze kwa fahari. Wengi wanaoharibiwa, wanaharibiwa na wale wanaowapenda.

Kwa wachungaji wetu wa mji: msimsimamishe askari mbele na nguo zake ili kanisa lionekane lina nguvu. Jumapili mnapigiwa makofi nyinyi, Jumatatu anaulizwa yeye.

Na kwa wale wanaosema askari wa kweli hawezi kuwa mtu wa Mungu: Biblia yenyewe haisemi vile. Akida wa Kapernaumu alisifiwa kwa imani yake akiwa bado kazini, na yeye ndiye aliyeeleza vizuri maana ya kuwa chini ya amri. Kornelio alibatizwa akiwa askari. Askari walipomuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakuwatuma wakahubiri ku masoko, wala hakuwaambia waache jeshi. Aliwaambia wasimnyang'anye mtu kitu kwa nguvu, wasimsingizie mtu, na watosheke na mshahara wao.

Kila mtu aliyesimamishwa usiku ku barabara ya Likasi ama ya Kasumbalesa anajua uzito wa maneno hayo. Askari anayekagua gari, akasema "safari njema", akaacha watu wapite bila kuwaomba franga, amehubiri mahubiri ambayo hakuna mkubwa anayeweza kuyakataza na hakuna abiria atakayeyasahau.